Kabla ya kumwamini "daktari" wa kwenye simu, mkalishe meza ya mikopo

Nilikuwa afisa mikopo kwa miaka 19 kwenye chama cha akiba na mikopo huku Kilifi, na kuna ng'ombe mmoja nilionyeshwa na watu watatu. Mweusi, doa jeupe begani, pembe moja imekatika ncha. Wa kwanza aliniambia kamnunua mnadani. Wa pili, miezi minane baadaye, kijiji kingine kabisa, akaapa kamrithi kwa marehemu babake. Wa tatu alipomtoa zizini nilicheka mpaka nikakaa chini, maana yule ng'ombe nilishamzoea kama jirani. Kumbe wote watatu wameoa nyumba moja, na mwenye ng'ombe ni baba mkwe wao, mzee wa watu, hana habari ya mkopo wala ya mimi.

Tangu hapo niliacha kuanza na ng'ombe. Ng'ombe siku zote ni mzuri; ameletwa kwa sababu ni mzuri. Nikawa naanza na mtu: jina lake kwenye kitambulisho, kazi yake ya mwisho na kwa nini aliiacha, nani anamdhamini, nani alimkopesha kabla yangu na yalimkuta nini. Nikishamaliza hapo, ng'ombe wengine hata safari ya kwenda kuwatazama sikuifunga.

Nimestaafu, lakini kazi haijaniacha. Siku hizi naifanyia kwenye simu.

Mwaka jana mkazamwana wangu alikuwa na mimba yake ya kwanza, miezi mitano. Alhamisi moja akarudi kutoka kliniki hajadungwa sindano ya pepopunda. Kijitabu chake, pale mahali pa tarehe ya sindano, peupe. Nikamuuliza, akasita, kisha akanipa simu. Ilikuwa video kutoka grupu la kina mama wa mtaani, ina ile mishale miwili juu yake, yaani imeshapita mikono mingi. Mzungu wa makamo, sauti ya upole, anahojiwa kuhusu filamu ya wanawake wa Kenya na chanjo ya pepopunda. Juu yake mtu amebandika maneno ya Kiswahili kwa herufi kubwa: DAKTARI BINGWA WA UINGEREZA AFICHUA, WANAFUNGWA UZAZI.

"Mama," akaniambia, "huyu ni daktari. Hatujui, hatumjui, hana faida yoyote kwetu. Mbona aseme uwongo?"

Sikumwambia ni uwongo. Kwanza wakati ule sikuwa na hakika. Pili, mama mkwe akipinga jambo linalohusu tumbo la mkazamwana, anaonekana anapinga mambo mengi kwa mpigo. Nikamwambia: mwanangu, umeuliza swali la meza ya mikopo. Lete kalamu, tumjazie fomu.

Niseme mapema fomu hii inafanya kazi gani. Haithibitishi kwamba mtu anasema uwongo leo. Mdaiwa sugu anaweza kukuambia mvua inanyesha na ukatoka ukalowa. Ila mimi na mkazamwana wangu hatuna maabara, hatujasomea chanjo, na imani tunayoombwa ni mkopo kama mkopo mwingine. Swali letu ni moja tu: mtu huyu akopeshwe kiasi gani?

Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho

Video ile haikuwa na jina. Hili ni jambo la kawaida, na mara nyingi si bahati mbaya: "daktari bingwa" hachunguziki, mtu mwenye jina anachunguzika. Fanya hivi. Simamisha video pale uso unapoonekana vizuri, piga picha ya skrini, kata yale maandishi yaliyobandikwa ubaki na uso peke yake, halafu itafute picha hiyo kwa Google Lens. Sisi ilituchukua dakika mbili. Andrew Wakefield. Nikamwambia mkazamwana aliandike kwenye karatasi kwa mkono wake, si wangu.

Ukishapata jina, litafute likiwa peke yake. Usiandike jina pamoja na neno "mwongo", wala pamoja na neno "shujaa", maana mtandao ni mtumwa mtiifu, utakuletea kile kile ulichouliza. Ukifika Wikipedia soma haraka, kisha shuka chini kabisa kwenye vidokezo vya vyanzo. Huko ndiko kwenye hati: hukumu, maamuzi ya mabaraza, makala za majarida. Mimi mkopaji akiniletea hadithi nilimsikiliza. Akiniletea stakabadhi nilivaa miwani.

Na kama jina halipatikani kabisa? Basi fomu haina mwombaji. Irudishe.

Daktari wa nini, na leseni iko wapi

Hapa tuliandika kwanza yaliyo ya kweli, kwa sababu fomu ya haki huanza hivyo. Wakefield amesomea udaktari kweli, London, hospitali ya St Mary's, akahitimu 1981. Alifanya kazi Royal Free, hospitali ya heshima, akichunguza magonjwa ya matumbo. Si mtu wa mtaani aliyevaa koti jeupe.

Halafu tukauliza leseni. Watu wengi hawajui kwamba jambo hili liko wazi kwa kila mtu. Uingereza ina General Medical Council na daftari lake linasomeka mtandaoni. Kenya tuna baraza letu la madaktari, KMPDC, nalo unaweza kutafuta jina la daktari yeyote kabla hujampa mgongo wako akupasue. Tanzania wana Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukiambiwa "daktari wa Ujerumani" au "daktari wa Kanada", hali ni hiyo hiyo: kila mahali pana daftari.

Wakefield alifutwa kwenye daftari la Uingereza tarehe 24 Mei 2010. Filamu ile ya pepopunda, ambayo aliiongoza yeye, imetoka 2022. Kwa hiyo "daktari bingwa wa Uingereza" alikuwa na miaka 12 bila leseni. Shahada hainyang'anywi, leseni hunyang'anywa. Ni kama dereva aliyefungiwa: kuendesha bado anajua, lakini mimi mjukuu wangu simpandishi.

Usiishie hapo lakini. Hapa ndipo wachunguzi wengi wa haraka haraka wanapokwama, kwa sababu mfuasi atakujibu papo hapo: walimfuta kwa kuwa alisema ukweli! Lazima usome sababu. Baraza lilimsikiliza yeye na wenzake wawili kwa siku 217, kuanzia 2007. Siku 217! Kesi ya shamba ya ukoo wetu haikufika huko. Likakuta, pamoja na mengine, kwamba watoto walifanyiwa vipimo vya kuingiza sindano kwenye uti wa mgongo na mpira kwenye utumbo bila hali yao kuhitaji hivyo, na kwamba hakutangaza pesa alizokuwa akipokea. Nitazifikia pesa.

Lakini lililomfanya mkazamwana wangu aweke kalamu chini ni lile la sherehe ya kuzaliwa. Wakefield alihitaji damu ya watoto wazima wa kulinganisha na ya wagonjwa. Akachukua damu za watoto waliokuja kwenye sherehe ya mwanawe, akawapa pauni 5 kila mmoja. Si maneno ya maadui zake. Alisimulia mwenyewe kwenye mhadhara huko California mwaka 1999, kwa mzaha, na ukumbi ukacheka. Keki, baluni, na sindano. "Watoto wa watu, mama?" akauliza. Ndiyo mwanangu, watoto wa watu.

Ng'ombe aliyemletea sifa

Kila mtu wa namna hii ana kazi moja iliyomtoa. Itafute hiyo, usihangaike na video zake 300. Ya Wakefield ni makala ya Februari 1998 katika jarida la Lancet, iliyoandikwa na watu 13 kuhusu watoto 12. Makala yenyewe ilidokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella, ile wanayoiita MMR, na usonji (autism). Kisha kwenye mkutano na waandishi wa habari yeye akaenda mbali zaidi ya makala, akapendekeza chanjo hizo zitenganishwe.

Watoto 12. Mimi siwezi kukuambia bei ya samaki Kilifi kwa kuuliza wateja 12, tena walioletwa na muuza samaki mmoja. Na ndivyo ilivyokuwa: baraza lilikuta kwamba watoto hawakufika hospitalini kwa njia ya kawaida kama makala ilivyowaonyesha. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa wazazi ambao tayari walikuwa wanailaumu chanjo, wengine wakiwa na wakili wa kesi dhidi ya watengenezaji wake.

Sasa jaribu hili mwenyewe, ni la dakika moja na halihitaji Kiingereza kingi. Nenda kwenye tovuti ya jarida lenyewe, si kwa mtu anayelizungumzia. Ifungue makala. Utaona neno moja jekundu, kubwa, limepita juu ya maandishi ukurasa baada ya ukurasa: RETRACTED. Maana yake jarida limeiondoa, msiitegemee. Lancet walifanya hivyo tarehe 2 Februari 2010. Nilimwachia mkazamwana atafute mwenyewe kwa simu yake, na alipolikuta aliipanua picha kwa vidole viwili, kama mtu anayetazama sahihi kwenye cheki.

Kuna jarida linaloondoa makala kwa kosa la hesabu tu, la bahati mbaya. Hiyo haimfanyi mtu tapeli. Kwa hiyo tazama na waliorudia kazi ile walipata nini. Denmark walifuatilia watoto 657,461, matokeo yakatoka 2019. Waliochanjwa MMR hawakupata usonji kuliko wasiochanjwa. Tuliandika namba hizo mbili sambamba, 12 na 657,461. Sikuongeza neno.

Nani alikuwa analipa

"Hana faida yoyote kwetu." Nilimkumbusha maneno yake, taratibu.

Mwaka 1996, miaka miwili kabla ya makala, Wakefield alishaanza kulipwa na wakili Richard Barr, aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Pesa zilitoka kwenye mfuko wa serikali wa msaada wa kisheria. Mwandishi wa habari Brian Deer wa Sunday Times alipofukua jumla yake, Desemba 2006, ilikuwa pauni 435,643, bila kuhesabu gharama. Wasomaji wa makala hawakuambiwa. Na Juni 1997 jina lake lilikuwa kwenye ombi la hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya chanjo nyingine, ya surua tu, ambayo ingeweza kuuzwa ile ya MMR ikishuka.

Ukichunguza mtu mwingine, pesa utazikuta sehemu tofauti. Kwa Alex Jones wa Marekani, yule mtangazaji wa kituo cha mtandaoni cha Infowars, zilikuwa kwenye vidonge na poda za lishe alizokuwa anauza katikati ya vipindi vya kutisha watu. Huyo alisema miaka kadhaa kwamba mauaji ya watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook mwaka 2012 yalikuwa maigizo. 2022 akiwa mahakamani akakiri yalitokea kweli, na baraza la mahakama la Connecticut likamtoza dola milioni 965. Basi swali ni jepesi: nikiogopa, huyu anauza nini? Tiketi, kitabu, dawa, usajili wa chaneli, michango? Shuka chini ya video, kwenye maelezo, huko ndiko duka lilipo. Kwetu huku duka mara nyingi ni namba ya simu ya kutumia pesa na mtu anayekuombea.

Kuuza si dhambi, mimi mwenyewe nauza mkaa. Dhambi ni kuuza huku umevaa kanzu ya asiyeuza.

Wadhamini

Kama una muda wa kuuliza swali moja tu, uliza hili. Kwenye chama chetu mkopaji aliweza kukosa hati, kukosa mshahara, hata kukosa nyumba, tukatafuta njia. Lakini wadhamini wake, watu wanaomjua, wanaokula naye, wakija ofisini mmoja mmoja kuomba majina yao yafutwe, faili nililifunga siku hiyo hiyo.

Makala ile ilikuwa na waandishi 13. Machi 2004, 10 kati yao walitoa tamko la kuiondoa tafsiri ile ya chanjo. Hawa si kampuni za dawa. Ni wenzake, walioweka majina yao pamoja na lake kwenye makala ile ile.

Kwa hiyo ukimchunguza mtu, usiulize adui zake wanasemaje, adui wana kazi yao. Waulize wenzake wa zamani. Tafuta majina ya walioandika naye, walioanzisha naye shirika, waliotengeneza naye kipindi. Wako wapi leo, na wanasema nini?

Filamu ya 2022 nayo ina wadhamini. Imetolewa na Children's Health Defense, shirika ambalo kwa miaka liliongozwa na Robert F. Kennedy Jr., huyu aliyekuja kuwa waziri wa afya wa Marekani 2025. Tulipofika hapo mkazamwana akanikazia macho: "Si unaona, mama? Waziri!" Nikamwambia hata mwenyekiti wa chama alishawahi kumdhamini mtu, na mpaka leo tunamtafuta.

Msikilize na yeye, na mchunguze anayemshitaki

Hapa wengi wanaruka, na ndiyo maana hawaaminiki. Wakefield anasema hana kosa. Wafuasi wake wana hoja moja nzito: Profesa John Walker-Smith, mwenzake aliyefutwa naye siku moja, alikata rufaa na 2012 Mahakama Kuu ikamrudishia jina lake. Ni kweli, tena jaji aliukosoa vikali uamuzi wa baraza. Lakini rufaa ile ilikuwa ya Walker-Smith, haikuwa ya Wakefield, na makala haikurudishwa.

Na Brian Deer je? Mimi simkopeshi mtu kwa kuwa amemsema vibaya mwingine. Tukamjazia na yeye nusu ukurasa. Wakefield alimshitaki Deer na televisheni ya Channel 4 huko London kwa kumharibia jina. Januari 2007 akaiacha kesi mwenyewe na kulipa gharama. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la BMJ lilipochapa uchunguzi wa Deer na kuiita kazi ile ya watoto 12 udanganyifu, Wakefield akafungua kesi nyingine, Texas safari hii. Ilitupwa 2012 kwa sababu mahakama ilijiona haina mamlaka, na rufaa ikashindwa 2014. Ile ya Texas haikuamua nani mkweli, nami nilisisitiza liandikwe hivyo hivyo kwenye karatasi. Ile ya London ndiyo yenye uzito kwangu. Mtu akipata nafasi ya kuwalazimisha wanaomtukana walete ushahidi mbele ya jaji, halafu akaondoka mlangoni na kulipa nauli ya kila mtu, afisa mikopo huandika.

Waliomkopesha kabla yako

Uingereza, watoto waliopata MMR walikuwa kiasi cha asilimia 92 kabla ya kelele hizi. Kufikia 2003 wakashuka mpaka 80. Hayo ni ya kwao.

Yaliyonigusa ni ya Minnesota, jimbo la Marekani, kwa kuwa yanatuhusu. Wasomali wengi wa huko wana ndugu Eastleigh, Garissa, Dadaab. Wako waliolelewa kwenye kambi zetu na Kiswahili wanakijua. Wazazi wale walikuwa na wasiwasi wa kweli: waliwaona watoto wao wengi kwenye madarasa ya usonji na hakuna aliyewaeleza kwa lugha yao. Mtu anayeumia na hajibiwi, atakayemjibu kwanza ndiye atakayemchukua. Wakefield alikwenda Minneapolis akakutana nao, 2010 na 2011. Watoto wa Kisomali wa jimbo hilo waliochanjwa MMR walikuwa asilimia 92 mwaka 2004. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 42. Mwaka 2017 surua ikaingia, wagonjwa 75, wengi wao watoto wa jamii hiyo.

Hapo mkazamwana hakusema kitu. Alikuwa ameweka mkono tumboni, kama wafanyavyo wenye mimba wote.

Sasa ndiyo ng'ombe

Tulipomaliza mtu, tukamtazama ng'ombe, maana pepopunda ni jambo lake la leo, si MMR. Mkopaji mjanja hakuletei uwongo mtupu. Anakuletea ng'ombe wa kweli asiye wake. Ng'ombe wa kweli hapa ni huyu: India kulikuwa na mtafiti, G. P. Talwar, na timu yake kweli walijaribu chanjo ya kuzuia mimba kwa muda, matokeo yakachapwa 1994. Waliichukua hCG, homoni ile ile inayopimwa na kile kijiti cha mimba cha duka la dawa, wakaibebesha juu ya protini ya pepopunda. Kwa hiyo anayesema "iliwahi kuwepo chanjo kama hiyo" hajasema uwongo, na ukimwambia mwongo utapoteza heshima.

Ila ile ilikuwa chanjo nyingine, iliyotengenezwa makusudi na kujaribiwa kwa jina lake. Mwaka 2014 maaskofu na madaktari Wakatoliki wa Kenya waliposema wamekuta hCG kwenye chanjo ya pepopunda, WHO na UNICEF walijibu Novemba mwaka huo kwamba dai hilo halina ushahidi, na kwamba kilichomo ndani ya chanjo hupimwa kwenye maabara inayofaa kwa kazi hiyo. Mizani ya dhahabu haipimi mkaa. Maaskofu sikuwaweka fungu moja na Wakefield. Walikuwa na majina, walikuwa hapa, waliuliza hadharani. Aliyekuja miaka minane baadaye na kamera ana faili lake.

Kuyapeleka nyumbani

Usimalizie kwenye grupu. Ukimwaibisha mtu mbele ya watu 200, atalitetea lile jambo hata kama alishaanza kulitilia shaka. Mpigie, au bora mkae. Acha simu iwe mkononi mwake na kalamu iwe yake. Wewe uliza tu. Na usifanye zaidi ya mtu mmoja kwa siku. Sisi ilituchukua saa mbili na nusu, kuanzia baada ya magharibi, na chai ilipoa mara mbili.

Mwishoni akanigeuzia fomu. "Na wewe mama, nani amekulipa?"

Nikamwambia hakuna, ila bando tulilotumia lilikuwa lake, kwa hiyo kwa usiku ule mfadhili wangu ni yeye. Akacheka. Lakini hakuniahidi lolote, nami sikumwomba. Alhamisi iliyofuata alikwenda kliniki na maswali manne yaliyoandikwa nyuma ya karatasi ile ile, akamkalisha muuguzi mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Karudi na tarehe ya kwanza kwenye kijitabu. Ya pili aliipata wiki nne baadaye, baada ya kumpigia muuguzi yule yule tena, na sijui walizungumza nini.

Mdogo wangu wa Malindi bado ananitumia video. Jana imekuja ya "profesa" mmoja wa kisukari. Nimemjibu nipe jina. Mpaka sasa alama mbili za buluu, kimya.